Mwalimu na Kanisa la Mshindo

Kwetu, pale nyumba za Lubumbashi zinapokwisha na shimo la mgodi linapoanza, kila mtu alikuwa na lake la kufanya wakati mgodi ulipopasua mawe. Mama yangu alikimbilia kabati la vyombo na kulikumbatia. Jirani wa kushoto, fundi seremala, alitoka nje kutazama kama ufa wa ukuta wake umeongezeka. Mwalimu, mama ambaye nyumba yake ilitazamana na yetu, alivua viatu. Alivipanga kando ya mlango, akasimama katikati ya lupango, ua wa nyumba yake, miguu peku, macho amefumba, akingoja ardhi imtetemeshe. Ikishatulia alisema "Asante," kwa sauti ya mtu aliyeletewa chai, akavaa viatu na kurudi kwenye sombe, yale majani ya mihogo aliyokuwa akiyatwanga.

Nimemjua tangu aliponifundisha darasa la tatu. Baadaye, nilipotoka chuoni Kasapa na diploma ambayo hakuna aliyeihitaji, alinichukua kuwa sekretari wake, maana wakati huo alikuwa bourgmestre, mkuu wa komini, yaani sehemu yetu nzima ya mji. Watu wakisikia nilifanya kazi kwake huniuliza juu ya Kanisa la Mshindo kana kwamba nami nilikuwa muumini. Sikuwa. Mimi ni Mkatoliki, mtoto wa mama Mkasai anayeuza bunga, yaani unga wa mihogo, na maharagwe, na kwetu mambo ya kusali kwa baruti yalisemwa jikoni kwa sauti ya chini, pamoja na habari za wachawi. Ila Mwalimu nilimpenda kabla hajaingia huko, na hata alipoingia sikuona sababu ya kuacha.

Kanisa lenyewe lilianzishwa na mtu tuliyemwita Nabii. Zamani alikodisha vipaza sauti kwa harusi na vilio vya misiba. Alihubiri kwamba Mungu alipoumba dunia hakunong'ona: alipasua. Mlima uliumbwa kwa mshindo, shaba ikaingia ndani ya mawe kwa mshindo, na siku ya mwisho makaburi yatafunguka hivyohivyo. Kwa hiyo mgodi ulipopasua, Mungu alikuwa anaendelea na kazi yake, na mwenye akili avue viatu amsikie kwa nyayo. Siku za ibada vijana wake walilipua baruti ndogondogo nyuma ya kanisa, na waumini wakaanguka kifudifudi wakishangilia.

Mtu wa Makomeno, mtaa wa matajiri, anaweza kucheka. Sisi tuliokaa pembeni ya shimo tulielewa haraka kwa nini lilijaa. Miaka na miaka tuliuogopa ule mlio. Wajawazito waliuogopa, wazee waliuogopa, mbuzi walikata kamba. Tulipopeleka malalamiko, kampuni ilijibu kwamba mtetemo haufiki kwenye makazi. Halafu akaja mtu akasema kile mnachokiogopa ni chenu, simameni, kipokeeni. Niliona bibi mmoja, ambaye zamani alijificha chini ya kitanda, akitoka mlangoni na kanga mpya kungojea mshindo kama mtu anayengojea mgeni.

Mwalimu mwenyewe aliogopa kila mlio mdogo. Hilo sikuwahi kulizoea. Alikuwa mfuasi mkubwa wa dini ya milipuko, na mfuniko wa sufuria ukianguka aliruka. Katika harusi ya binti wa seremala mtu alipasua puto, Mwalimu akamwagia soda mama mzaa bwana harusi, gauni zima. Mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. "Ile haina Mungu ndani," alisema. "Iko hewa tu." Na kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa, pamba masikioni, kwa sababu hakuweza kustahimili vipaza sauti vya Nabii. Nilimuuliza mara moja anasikiaje mahubiri.

"Mahubiri? Nilikuja kwa Mungu, mutoto yangu. Sikuja kwa micro."

Shuleni hakupiga watoto, jambo ambalo wazazi wengine walimlaumu nalo. Siku moja, bado hajawa muumini wa kitu chochote zaidi ya misa ya Jumapili, mgodi ulipasua kwa nguvu ambazo hatukuzizoea. Ubao ulidondoka, vumbi la dari likatumwagikia, na darasa lote tukakimbilia mlango mmoja. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, na sketi yake nzuri, akaweka viganja vyote viwili juu ya saruji. "Kujeni museme kama iko ingali." Tulishangaa, tukarudi, tukaweka mikono. Ni kweli, chini kulikuwa bado na kitu kinatembea, kidogokidogo, kikienda zake. "Imepita?" aliuliza. Tukamwambia imepita. "Basi tuendelee na hesabu ya mayai ya kuku na ya kanga." Tangu siku ile, mlio ukija, tulishindana nani atagusa sakafu kwanza. Nafikiri Nabii alikuja kukuta kazi ile Mwalimu ameshaianza.

Sababu ya kuamini kwake alinisimulia tukichambua maharagwe nyumbani kwetu, mama ametoka sokoni. Alikuwa na ndugu mdogo, mchimbaji wa mkono, wale wanaoingia ardhini na mpiko, chuma cha kuchimbia, na taa ya kichwani. Shimo liliwafunika yeye na wenzake. "Unajua ilivyokuwa?" aliniambia. "Hakukuwa hata mulio. Batu banafikiri shimo ikianguka inapiga kelele. Mi nilikuwa palepale pembeni, nilimuletea chakula, bukari. Nikaangalia chini, nikaangalia tena, hakuna mulango. Udongo ulinyamaza tu."

Alikaa pale mdomoni mwa shimo na akina mama wengine. Walichimba kwa majembe. Mwishowe wakaja wapasuaji wa mgodi wa jirani. Kulikuwa na njia ya zamani pembeni, imezibwa na jiwe kubwa kuliko gari, na walisema bila kulipasua jiwe lile hakuna atakayetoka. Wakawafukuza watu wote hadi barabarani. Halafu mlio.

"Nilianguka magoti," Mwalimu alisema. "Na kiisha, chini kule, nikasikia batu banaita. Balikuwa banaita siku zote, lakini jiwe ilikuwa inabafunika sauti. Mushindo njo ilinifungulia masikio. We ungemushukuru nani?"

Ndugu yake huyo nilimfahamu baadaye. Aliachana na mashimo, akawa mfyatua matofali, mcheshi, hana dini ya kueleweka. Walibishana kila walipoonana, yeye akimwita dada yake yaya, na hawakuchoka.

"Mi balinitosha mu shimo ni batu, yaya. Batu na mipiko."

"Na bale batu balitumwa na nani?"

"Na chef wabo, mukubwa wa kazi. Alikuwa na kofia ya njano."

Mwalimu alimpiga kofi la mgongoni na kumpakulia nyama.

Siasa iliingia kanisani bila mtu kuiita. Watu wa pembeni ya shimo hawakuwa na mahali pengine pa kukutana. Walikuja kusali, wakatoka wakizungumzia nyufa, visima vilivyotibuka, vumbi kwenye bunga. Ulipofika uchaguzi wa madiwani wa komini, Nabii alisimama akasema Mungu amechoka kupiga kelele peke yake. Siku ya kura walikuja miguu peku, mstari mrefu kimya, akina mama na watoto mgongoni, wakapiga kura moja. Vyama vikubwa, na mabango yao na fulana zao, viliangalia tu. Kanisa likachukua baraza.

Madiwani wakatafuta bourgmestre, na Nabii akamtaka Mwalimu. Mimi nadhani alimchagua kwa sababu ya ile pamba masikioni. Mwanamke mzee mpole wa benchi la nyuma, hana mume, hana kundi, atatia sahihi atakachoambiwa. Nabii wakati huo alikuwa ameshahamia Makomeno, kwenye nyumba yenye majani yaliyokatwa vizuri, ambako mtetemo wa shimo letu hausikiki kabisa. Mama yangu aliliona hilo kabla ya wanasiasa. "Nabii anakaa mbali na Mungu wake," alisema, akaendelea kupima maharagwe.

Nisimfanye Mwalimu malaika. Miezi ya kwanza alitia sahihi kweli. Alitia sahihi kibao cha Avenue ya Mshindo, akatia sahihi bendera yenye jua linalopasuka, na akatia sahihi amri kwamba siku ya kupasua, mgodi ukitoa ishara, kila ofisi, kila shule na kila soko la komini wasimame na kuvua viatu. Mimi ndiye niliyeipiga mashine amri hiyo. Nilimwangalia, akaniangalia, akasema, "Itabasaidia. Hawataogopa tena." Aliamini hivyo. Alifikiri anatoa zawadi.

Wiki ya pili ya amri hiyo mama yangu aliingia ofisini bila kupiga hodi, kanga ya soko kiunoni, unga wa mihogo mpaka kwenye nyusi. Nilitaka kujificha chini ya meza.

"Mama Mwalimu," alisema, "jana balinivuisha viatu pa soko."

"Ni dakika kidogo tu, Mama."

"Kijana mwenye filimbi. Alinisemesha kama mutoto. Mi, mbele ya bateja yangu."

"Nitamusemesha yule kijana."

"Acha kijana. Kijana alitumwa." Mama aliketi bila kukaribishwa. "We ulinifundishia batoto bane. Balikuja kwako na rozari, balirudi na rozari. Hakuna siku ulibalazimisha sala yako. Leo mukono wako umefanya nini?"

Mwalimu aliutazama mkono wake. Alikuwa na tabia ya kuzungusha pete ya fedha kwenye kidole alipofikiri, na aliizungusha muda mrefu hata mama akaanza kutulia. Kisha akaniita.

"Lete ile amri ya viatu."

Aliichana vipande viwili na kuniagiza nipige nyingine ya kuifuta. Kwa mama alisema, "Mi nilivua vyangu mwenyewe. Hakuna aliyenivuisha. Nilisahau hiyo kitu." Mama alikubali chai. Waliishia kuzungumzia bei ya mafuta ya mawese, na mama alipoondoka aliacha kikombe cha maharagwe mezani, jambo ambalo halikuwa dogo.

Nabii alikuja jioni hiyohiyo akifoka. Mwalimu alitoa pamba kwenye mkoba wake, akaiweka masikioni mbele yake, taratibu, sikio la kulia kisha la kushoto, akamwambia, "Endelea, Nabii. Ninakusikiliza." Nililazimika kutoka nje nisicheke.

Baada ya hapo alianza kutumia kiti kile kwa kazi yake mwenyewe. Kampuni ya mgodi ilikuwa na mkurugenzi mpya, mtu mrefu mwenye adabu, na barua zake zilisema lilelile: mtetemo haufiki kwenye makazi. Mwalimu hakumjibu kwa barua. Alimwalika kwake kula, siku ya kupasua. Alikuja na dereva na kofia yake ngumu. Mwalimu alimlisha bukari na samaki wa Kasenga, akamwuliza habari za watoto wake, na saa ilipokaribia akamwambia, "Papa, unaweza kutosha viatu? Haina kusali. Ni kusikia tu."

Mkurugenzi alicheka, akaona hatanii, akavua. Sitasahau zile soksi zake za kijivu zimekunjwa ndani ya viatu, na yeye amesimama katikati ya lupango, suruali imepandishwa, karibu na kuku. Mlio ukaja. Nilikuwa namwangalia usoni. Kwanza alitazama chini. Halafu akatazama ukuta wa nyumba, pale ufa ulipopita kutoka dirishani hadi kwenye msingi, na vumbi jembamba lilikuwa linatoka ndani yake kama pumzi.

"Ni kila mara hivi?" aliuliza.

"Leo ilikuwa kidogo," alisema Mwalimu.

Maneno yale yalizaa mikutano, mikutano ikazaa mingine, na mingi ilikuwa ya kuchosha sana. Lakini kazi ilianza.

Wakati huohuo Nabii alikuwa na mpango wake. Aliona waumini wanamsikiliza Mwalimu zaidi, akatangaza Siku Kuu. Kanisa halitangoja tena mshindo wa kampuni. Litakuwa na wake. Vijana wake walitoboa mashimo kwenye mteremko wa kilima cha takataka za mawe nyuma ya nyumba zetu, wakapata baruti kwa njia ambazo sikuuliza, na Nabii akahubiri kwamba siku hiyo waumini watapiga magoti palepale kwenye mteremko, chini ya mashimo, na hakuna jiwe litakalowagusa. Alihitaji kibali cha komini ili polisi wasiingilie. Alikuja kukichukua kama mtu anayekuja kuchukua kofia yake aliyoisahau.

"Batu batakaa umbali gani?" Mwalimu aliuliza.

"Karibu. Mushindo unajua bake, Mama Bourgmestre."

"Siku ya ndugu yangu, bale bapasuaji balitufukuza mpaka barabarani. Balimwangalia kila mutu. Halafu njo balipasua."

"Hao hawakuwa na imani."

"Balikuwa na akili. Weka batu kule ng'ambo ya barabara, lete bapasuaji ba kweli, na nitatia sahihi leo. Na mi nitakuja wa kwanza."

Alisema kweli. Alitaka siku ile kuliko mtu yeyote. Nabii akainama juu ya meza.

"Pa hicho kiti tulikuweka sisi."

"Najua. Na kibali hakuna."

Asubuhi ya Siku Kuu watu walipanda mteremko hata hivyo. Walikuwa wengi, wamevaa nyeupe, na nyimbo zao zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Polisi walifika wakakaa kwenye gari lao, hawakutaka kuwapiga akina mama waliokuwa wanaimba. Mwalimu alikuja na lori la taka la komini, ndugu yake yule mfyatua matofali yuko kwenye usukani, wakaifunga barabara kwalo wasije wengine. Kisha alishuka, akachukua kiti cha plastiki nyuma ya lori, akapanda mteremko akikishika begani. Mimi nilimfuata hadi nusu ya mteremko. Aliendelea. Akafika pale nyaya zilipoingia kwenye mashimo, akaweka kiti juu yake, akakaa.

Nyimbo zikakatika.

"Mama, shuka!" Nabii alipaza sauti kutoka chini, kwenye kipaza sauti.

Mwalimu aliwageukia waumini. Alianza kuita watu majina. Alikuwa amefundisha nusu ya mtaa, na nusu nyingine walikuwa wazazi wao. Alimwita mmoja akamwuliza dada yake mgonjwa amebaki na nani. Alimwita mwingine, kijana mkubwa sasa, aliyeshika waya, akamwambia, "We, nilikufundisha kusoma hapa karibu. Mama yako ametoka hospitali juzi. Ukipasuka leo, nani atamubeba?" Yule kijana aliacha waya kama uliomwunguza.

"Musimusikilize!" Nabii alisema. "Mushindo unajua bake!"

"Basi, Nabii," Mwalimu akasema, "kuja ukae hapa karibu na mie. Kiti ni kimoja, lakini mi nitakaa chini."

Hapo kila mtu akageuka kumwangalia Nabii. Alikuwa amesimama ng'ambo, nyuma ya gari lake, viatu vyake vyeupe miguuni. Alitazama mteremko. Alitazama mashimo. Alifungua mdomo, kipaza sauti kikatoa mlio mwembamba, na hakuja.

Yule bibi wa kanga mpya ndiye aliyeanza. Alijifunga vizuri, akamshika mjukuu mkono, akashuka. Mwingine akamfuata. Hakuna aliyepiga kelele. Walishuka wakipita karibu na gari la Nabii bila kulitazama, na mchana ulipofika kilele mteremko ulikuwa mtupu, isipokuwa bibi mmoja mzee kwenye kiti cha plastiki, na wapasuaji wa mgodi wakipanda polepole kumwomba ainuke ili waondoe vile vitu.

Nilimkuta baadaye ndani ya lori. Alikuwa analia kama mtoto, kitambaa kizima mdomoni. Nilidhani ni hofu imemrudia. Ndugu yake alitikisa kichwa kuniambia nisiseme kitu.

"Nilitaka kuisikia," alisema Mwalimu. "Mungu wangu, vile nilitaka kuisikia."

Alilipia siku ile. Baraza lilimpigia kura ya kumwondoa, na waliomwinua ndio waliomshusha. Nabii alihamia mji mwingine na sehemu ya kanisa. Waliobaki waligawanyika, wengine wakapita mbele ya lango lake bila kumsalimu, na kwa mtu aliyewafundisha kusoma hilo lilimuuma kuliko kura. Hakuacha imani yake hata hivyo. Aliendelea kuvua viatu. Akapata wenzake wachache, wengi wao wanawake, na badala ya kulipua kitu nyuma ya kanisa walianza kwenda nyumba zenye nyufa na saruji na mwiko, wakiziba. Mama yangu alijiunga nao, rozari mfukoni, akisema yeye haji kusali, anakuja kuona kama wanachanganya mchanga sawasawa.

Na ile kazi na mkurugenzi ilizaa. Bourgmestre aliyemfuata alikuta karatasi zimeshatiwa sahihi na hakuwa na ubavu wa kuzirudisha. King'ora sasa hulia kabla ya kupasua, kwa saa inayojulikana, na familia za mstari wa kwanza walipata nyumba mpya upande wa pili wa barabara, pamoja na seremala. Ukuta wake wa sasa hauna ufa. Bado hutoka kuutazama.

Mara ya mwisho kukaa naye siku nzima ilikuwa mwaka jana. Mimi nafanya kazi na shirika dogo linalosaidia vijiji vya jirani na machimbo, na kijiji kimoja njiani kwenda Kasenga kilikuwa na matatizo na wavunja kokoto. Nilifika asubuhi na kofia yangu na mapendekezo yangu, nikamkuta Mwalimu ameshafika, ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, anamenya vitunguu. Walikuwa wamemtafuta hadi mjini, kwa sababu mtu fulani aliwaambia kuna bibi aliyemvua viatu mkurugenzi.

"Mutoto yangu," alisema, "umekonda. Kaa."

Nilitaka kujua ameandaa hotuba gani. Alisema hakuandaa. Wanawake wale walikuwa wamesemezana tangu jana yake, nani alianguka na mtungi, nani mtoto wake hasikii vizuri, jiwe gani liliingia jikoni kwa nani, na yeye alikuwa amewasikiliza, akiwauliza tena pale maneno yalipokuwa hayajanyooka. Aliyesema vizuri zaidi alikuwa mwanamke kijana, mwuza samaki wa moshi, mtoto mgongoni. Kila akimaliza alisema, "Lakini mi sijui kusema," na wenzake wakamcheka.

Mhandisi wa machimbo alifika mchana, na wasaidizi wawili. Alikuwa na haraka. Aliangalia mkeka, akamwona bibi wa mjini aliyevaa vizuri, akamwendea moja kwa moja na mkono mbele.

"Mama, we njo chef, mukubwa wa hawa batu?"

Wote tulingoja. Nilimjua Mwalimu katika kiti cha komini, nilimjua kwenye kiti cha plastiki, na nilikuwa nimeshatoa kalamu kuandika atakachosema. Alipangusa mikono yake yenye vitunguu kwenye kanga, akamsalimu yule mhandisi kwa heshima, kisha akamgeuza taratibu kwa kiwiko hadi akatazamana na mwuza samaki.

"Chef ni huyu," alisema. "Mi nilikuja kula samaki."

Yule mwanamke alisimama. Mtoto mgongoni akaamka akaanza kulia. Alimtikisa kidogo, akaanza na lile jiwe lililoingia jikoni. Alipofika katikati mhandisi alivua kofia yake ngumu, akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye mkeka. Mwalimu alikuwa ameshainuka kwenda kuangalia samaki asiungue.